Injini ya akiba iliyogandia stoo: silinda mbili zimeliwa na kutu, mbili nzima

Mwezi wa Aprili 2023 niliitwa Ngamiani, Tanga, kufunga injini kwenye Hiace ya abiria. Gari lilikuwa limechemsha likitokea Muheza, silinda hedi ikapasuka, maji yakaingia kwenye oili. Mwenye gari hakuwa na wasiwasi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na injini nyingine kamili, 5L vilevile, injini ya dizeli ya Toyota, aliyoinunua Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, Februari 2022. "Fundi, wewe njoo na winchi tu," aliniambia kwenye simu. "Kitu kipo ndani, kimefungwa vizuri."

Kweli kilikuwa kimefungwa. Nailoni nzito nyeusi, imezungushwa mara tatu kuanzia juu mpaka sakafuni, imekazwa kwa kamba ya katani. Tulipoikata, upande wake wa ndani ulikuwa na matone ya maji, kama kioo cha gari asubuhi ya masika. Ikatoka harufu ya chuma kilicholowa. Nikaweka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki, nikavuta. Haikwenda. Nikavuta upande wa pili. Haikwenda vilevile, hata kile kichezo kidogo cha nywele moja hakikuwepo.

Kijana wangu akaenda kuchukua bomba ili aurefushe mkono wa spana. Nikamzuia, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopoteza injini. Injini iliyogandia kwa kukaa, tofauti na iliyogandia kwa kukosa oili barabarani, mara nyingi imeshikwa na kutu kwenye ringi za pistoni tu. Ukiilazimisha kwa bomba la mita moja, kutu inaachia, lakini inaachia huku ringi zinavunjika na mabaki yake yanachimba ukuta wa silinda. Kitu ambacho kingepona kwa honi, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa mawe ya msasa, kinageuka kuwa kazi ya slivu, yaani kuivalisha silinda ukuta mpya wa ndani. Nikamwambia mwenye gari, "Mzee, hii hatuifungi leo. Kwanza tufungue hedi tuone ndani." Hakufurahi. Gari lilikuwa limesimama, na kila siku ni hesabu.

Hedi ilipotoka tuliona jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki chote. Silinda ya 1 na ya 2 zilikuwa safi. Nasema safi kabisa: ile michoro ya honi inayopishana kama wavu bado ilionekana, na kidole kikipita kilitoka na oili kidogo. Silinda ya 3 ilikuwa na mkanda wa kutu ya rangi ya chungwa kuanzia juu mpaka kwenye pistoni. Ya 4 ilikuwa mbaya zaidi: kutu nyeusi iliyovimba kama ukoko wa sufuria, na ringi ya juu imeshikana na ukuta kiasi kwamba huoni mpaka kati ya kitu kimoja na kingine.

Injini moja, chumba kimoja, miezi 14 ileile, nailoni ileile. Kwa nini mbili zife na mbili zipone?

Mzee akasema ni uchakavu, kwamba aliuziwa injini iliyochoka. Hapana. Silinda ya 1 na ya 2 ndizo zilizomtetea muuzaji. Injini iliyochoka haina michoro ya honi, ukuta wake unang'aa kama kioo na juu pana ukingo unaoshika ukucha. Hii ilitoka Gerezani ikiwa nzima na imeharibikia hapa nyumbani.

Jibu liko kwenye valvu. Injini ya silinda nne yenye mpangilio wa kulipua wa 1-3-4-2, kama hii, ikisimama kwa kawaida pistoni zote nne hukaa karibu na katikati ya safari yake, kwa sababu ile inayobana hewa inaisukuma kranki irudi nyuma kidogo. Katika hali hiyo, silinda ya 1 ikiwa kwenye kubana na ya 2 kwenye mpigo wa kazi, valvu zao zote zimefungwa. Ya 3 wakati huo inavuta hewa, kwa hiyo valvu yake ya kuingiza iko wazi. Ya 4 inatoa moshi, valvu yake ya ekzosi iko wazi. Tukaikagua hedi kabla hatujagusa kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na ndivyo ilivyokuwa: 3 wazi upande wa kuingiza, 4 wazi upande wa ekzosi, 1 na 2 zimefunga.

Kwa hiyo silinda mbili zilikuwa vyumba vilivyofungwa milango, na mbili zilikuwa vibaraza. Manifodi ya kuingiza hewa ilikuwa imezibwa kwa tambara. Nilipolichomoa lilikuwa limelowa na limeota ukungu. Mdomo wa manifodi ya ekzosi haukuwa umezibwa kabisa, na ndani yake kulikuwa na masizi ya zamani. Masizi ya dizeli yana mabaki ya salfa, yakipata unyevu yanakuwa tindikali nyepesi. Ndiyo maana ya 4 iliumia kuliko ya 3. Ingekuwa injini hii ilisimama nusu mzunguko mbele zaidi, tungekuta zimeoza nyingine.

Unyevu wenyewe ulitoka wapi, wakati nailoni ilikuwa imezungushwa mara tatu? Ulitoka chini, na ulikuwa tayari ndani. Sakafu ya saruji isiyowekewa nailoni chini yake inapumua maji kutoka ardhini mwaka mzima, na kule stoo, mita chache kutoka kwenye kisima, inapumua zaidi. Ile nailoni iliyoshuka mpaka chini haikuwa kinga, ilikuwa mtego. Halafu paa ni la mabati. Mchana joto linapanda sana, hewa iliyo ndani ya injini inatanuka na kutoka. Usiku inapoa, inasinyaa, na injini inavuta hewa nyingine mpya, ya Tanga, yenye maji na chumvi ya bahari. Asubuhi hewa inapata joto haraka lakini chuma cha zaidi ya kilo mia mbili bado ni cha baridi, basi maji yanajishika kwenye chuma kama yanavyojishika kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Rudia hilo kila siku kwa miezi 14, ndani yake kuna masika moja nzima, vuli moja na mwanzo wa masika ya pili.

Kuna jambo jingine lililochangia, na hili nalisema kwa uangalifu kwa sababu lilifanywa kwa nia njema. Mtoto wa mzee aliambiwa na watu kwamba injini iliyokaa lazima izungushwe kidogo kila mwezi isigande. Akawa anaingiza mkono chini ya nailoni, anaizungusha kwa spana mizunguko miwili mitatu. Alifanya hivyo kwa miezi mitano, kisha akaenda chuo.

Mafundi wengi wanalishauri jambo hili hadi leo. Mimi silishauri. Injini inayozungushwa kwa spana haipandishi oili, pampu yake haina kasi ya kutosha. Kinachotokea ni kwamba ringi zinapita ukutani na kufuta ule utando mdogo wa oili uliobaki, na kila pistoni inaposhuka na valvu iko wazi inavuta hewa mbichi ndani. Lycoming, kampuni ya Marekani inayotengeneza injini za ndege ndogo, imewaandikia wenye ndege waziwazi kwamba kuzungusha pangaboi kwa mkono ili kuzuia kutu kuna madhara kuliko faida, kwa sababu hiyohiyo ya kufuta oili. Injini za ndege ndogo zinakaa sana bila kazi, na walioyaandika hayo wameona silinda nyingi. Yule kijana alikuwa akiipa injini pumzi mpya ya bahari kila mwezi.

Yaliyobaki tuliyakuta kwa kadiri tulivyoendelea kufungua, na nitayapitia haraka isipokuwa moja.

Maji hayakuwa yamemwagwa yote. Tulipofungua plagi ya pembeni mwa bloku kilitoka kitu kama uji wa ulezi. Pampu ya dizeli ilikuwa imeachwa midomo wazi baada ya mabomba ya nozeli kutolewa, na fundi wa pampu alikuta kutu ndani. Sehemu zile zinafanya kazi kwa nafasi ndogo kuliko unywele, kutu kidogo tu inatosha. Sahani ya klachi ilikuwa imegandia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki. Oili iliyobaki chini ilikuwa ya zamani, nyeusi, ileile iliyotembea na gari Japani. Oili iliyotumika ina tindikali zilizotokana na kuungua kwa mafuta, na beringi hukaa zimepakwa oili hiyo miezi yote. Beringi mbili za kranki zilikuwa na madoa.

Ambalo nataka kulikalia ni sampu, lile karai la oili chini ya injini. Injini ilikuwa imekalishwa sakafuni juu ya sampu yake, uzito wote. Sampu ni bati. Lilikuwa limebonyea kwenda ndani, si sana, nje ungesema limegonga jiwe tu. Lakini tulipoivua na kupima, sehemu iliyobonyea ilikuwa imefika kwenye kichujio cha pampu ya oili, imekigusa. Kichujio kile kinahitaji nafasi chini yake ili kivute oili. Kama kutu isingekuwepo, kama injini ingezunguka vizuri, tungeifunga siku ileile, ingewaka, na huenda ingefika Muheza au Pangani kabla beringi hazijakosa oili. Mzee angesema fundi kaharibu. Kutu ilituokoa na balaa kubwa zaidi.

Kuikomboa kulichukua muda. Tulijaza silinda ya 3 na ya 4 mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, tukaacha siku tatu tukiongezea kila jioni. Siku ya nne, baada ya kufungua chini konrodi za 3 na 4, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, tukagonga pistoni kwa kipande cha mninga, taratibu, kwenda chini kidogo kisha kurudi juu. Ya 3 iliachia kwa mapigo machache. Ya 4 ilichukua asubuhi nzima. Mchongaji wa injini alipima akasema ya 3 itasafika kwa honi. Ya 4 ilikuwa na vishimo vinavyoshika ukucha, ikavalishwa slivu. Ringi mpya zote, beringi mpya, gasketi, valvu mbili zilisagwa, pampu ya dizeli ikafunguliwa na kupimwa upya, sampu ikanyooshwa. Gharama ilizidi nusu ya bei aliyonunulia injini nzima.

Mzee hakuweza kungoja. Alitafuta hedi nyingine, gari likarudi barabarani na injini yake ya zamani. Ile ya akiba ilipokamilika, ikawa akiba tena. Kwa fundi hiyo ni nafasi isiyopatikana mara nyingi: injini ileile, mji uleule, mwenyewe yuleyule, inahifadhiwa mara ya pili. Safari hii aliniuliza kabla. Tulifanya kazi hiyo Agosti 2023, siku mbili kamili, na haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza tuliiwasha. Injini iliyotoka kuundwa inaweza kuhifadhiwa bila kuwashwa, ikiwa imepakwa oili kila mahali, lakini nilitaka kujua kama inavuja na nilitaka oili ifike kila tundu. Tuliifunga kwenye fremu ya vyuma, rejeta ya kuazima, tukaiacha iungurume mpaka ikapata joto lake kamili na kukaa nalo. Hapa watu hukosea sana kwa kuwasha dakika tano kisha kuzima. Lita moja ya dizeli ikiungua inatengeneza takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke unatoka na ekzosi. Ikiwa bado ya baridi, unabaki ndani, kwenye kuta, kwenye ekzosi na kwenye oili. Kuwasha kidogo kidogo "ili isikae" ni kuinywesha maji.

Tulipozima tulimwaga oili ingali ya moto, tukabadilisha filta, tukaweka oili mpya ya dizeli, tukawasha dakika chache tu oili hiyo isambae, chuma kikiwa bado cha moto. Halafu maji. Tulikuwa tumetembeza maji yaliyochanganywa na kulanti nusu kwa nusu, si maji matupu ya bomba, ili yakitoka yaache utando wake wa kuzuia kutu. Tukamwaga kwenye plagi ya pembeni mwa bloku, tukapuliza kwa kompresa mpaka upepo ukatoka mkavu. Pampu ya dizeli tuliiacha imejaa dizeli safi iliyochujwa, midomo yake imefungwa kwa vifuniko. Pampu tupu ndiyo inayoingia kutu.

Silinda ndizo zilizotaka umakini mkubwa kuliko vyote, na naomba fundi yeyote wa dizeli asome aya hii mara mbili. Watu wanasema mimina oili kwenye silinda. Kiasi gani? 5L ina sentimita za ujazo 2,986, gawanya kwa nne ni kama 746 kila silinda. Mbano wake ni karibu 22 kwa 1. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki, pamoja na kile chumba kidogo cha kuwashia kilichomo ndani ya hedi, ni kama sentimita za ujazo 35 tu. Vijiko viwili vya chakula vilivyojaa ni 30. Ukimimina kikombe cha oili, valvu zimefunga, halafu mtu akaja kuizungusha kwa stata, oili haibanwi kama hewa. Kinachopinda ni konrodi. Nimeiona konrodi ya namna hiyo mezani kwangu, imepinda kidogo kiasi cha kuonekana tu ukiilaza juu ya kioo. Injini ya petroli ina nafasi zaidi na inasamehe. Dizeli haisamehi.

Tulitoa hita plagi zote nne, zile plagi za kupasha joto silinda wakati wa kuwasha, tukanyunyizia oili nzito ya SAE 40 kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, kijiko kimoja kila silinda, yaani kama sentimita za ujazo 15. Hita plagi zikiwa nje, tukazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili ili oili ipakae ukuta mzima, kisha tukanyunyizia tena kidogo sana juu ya pistoni, na hapo hatukuzungusha tena. Kuanzia dakika hiyo injini haiguswi. Tukabandika karatasi kwenye puli: USIZUNGUSHE.

Kwa nini oili nzito? Nyepesi inateleza na kushuka. Mafuta ya taa na dizeli watu huvipenda kwa kusafishia, na ni vizuri kwa kusafishia, lakini haviachi kinga ya maana. WD-40 ni nzuri kufukuza maji kwenye chuma kilicholowa, si ya kukilinda mwaka mzima. Na kuna waliowahi kuniambia wanatumia breki fluidi kwa sababu inalegeza vitu vilivyogandia. Breki fluidi inavuta unyevu kutoka hewani. Usiweke hata tone.

Kisha kuziba. Tulikata bati la unene wa milimita mbili kwa umbo la kila mdomo, tukalitandikia mpira wa tyubu ya gari kubwa, tukapaka grisi pande zote mbili, tukafunga kwa bolti. Ekzosi, kuingiza hewa, mdomo wa thamostati, mabomba ya maji ya hita, tundu la kupumulia la mfuniko wa valvu, tundu la kijiti cha oili, midomo ya nozeli. Matambara hayaruhusiwi: yanakunywa maji, na siku ya kufunga injini mtu anasahau moja ndani. Utepe peke yake hautoshi chini ya mabati, gundi inayeyuka kabla mwaka haujaisha. Jumla vilikuwa vifuniko 14. Nikaandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa bloku: VIFUNIKO 14. Anayekuja kuifungua atavihesabu mkononi kabla ya kugusa stata.

Ndani ya manifodi ya kuingiza hewa, kabla ya kufunga bati, tuliweka kifuko cha silika jeli chembechembe za rangi ya chungwa, ambazo hugeuka kijani zikishiba unyevu. Kifuko hicho kina uzi mwekundu unaotokeza nje ya bati, usiweze kusahaulika. Chembe zikishiba, zikaangwe kwa moto mdogo sana mpaka zirudi rangi yake, zitumike tena. Mzee alipendekeza mchele. Nikamwambia mchele unaleta vumbi na fukusi, na vyote viwili havitakiwi karibu na valvu.

Nje tulipaka grisi flaiwili na kila sehemu ya chuma kilichochongwa. Klachi tuliitoa, ikafungwa peke yake kwenye gazeti na kuwekwa ndani ya nyumba. Mkanda wa taimingi tuliuacha mahali pake, lakini nimeandika kwamba siku injini ikirudi kazini ubadilishwe, hata kama unaonekana mpya. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni.

Injini ikapandishwa kwenye fremu ya mbao, imebebwa na mikono yake ya kufungia, sampu inaning'inia hewani. Fremu ikawekwa juu ya paleti. Juu yake turubai la kitambaa, si nailoni, na halifiki chini. Wapo wanaofunga nje kwa nailoni isiyopitisha kitu na kutoa hewa yote. Njia hiyo inafaa kama una vifaa vyake na karatasi ile yenye dawa ya kuzuia kutu. Kwa stoo zetu msimamo wangu ni huu: ndani ya injini pawe pamefungwa kabisa, nje paachwe papumue. Kutu ya nje unaiona na unaifuta. Ya ndani huioni.

Tulihamisha pia stoo. Kilikuwepo chumba kingine chenye dari, mbali na kisima, na ukuta wake hauelekei upande wa kusi. Kama mzee angekuwa na ndugu Dodoma ningemshauri aipeleke huko, hewa ya kule kavu ingefanya nusu ya kazi hii bure.

Kwenye daftari lililofungwa kwa waya kwenye fremu tumeandika tarehe, aina ya oili, kiasi kilichomo kwenye kila silinda, vilivyotolewa na viko wapi, na namba ya injini. Risiti ya Gerezani imewekwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na daftari, kwa sababu kadi ya gari inabeba namba ya injini, na siku injini ikibadilishwa utaulizwa imetoka wapi.

Ukaguzi ni kila baada ya miezi mitatu au minne. Hakuna kuzungusha. Anaangalia vifuniko, uzi mwekundu, rangi ya silika kupitia kitundu tulichokiacha na kukiziba kwa kioo cha taa ya pikipiki, na kutu ya nje. Mara moja kwa mwaka naenda mimi, natoa hita plagi, naongeza oili kidogo sana.

Mara ya mwisho nilikwenda Februari 2025, miezi 18 tangu tuifunge, mingi kuliko ile 14 ya kwanza. Silika ilikuwa imegeuka kijani nusu, ikakaangwa. Mpira wa kifuniko cha thamostati ulikuwa umepasuka pembeni kwa joto, nikaubadilisha. Nikatoa hita plagi ya silinda ya 4, nikachovya kijiti chembamba chenye kitambaa cheupe kilichobanwa vizuri, nikapangusa ndani kadiri kinavyofika. Kitambaa kikatoka na oili ya rangi ya asali. Mzee akakishika juu ya mwanga, akakigeuza upande wa pili, kisha akakikunja na kukiweka kwenye daftari, kwenye ukurasa wa tarehe ile.